Saa za Baada ya Mshono wa Mwisho

Kazi yangu ni nusukaputi. Mtu akishalijua hilo, iwe kwenye daladala au msibani, swali lake huwa moja: je, ni kweli kwamba dawa ikizidi mgonjwa haamki tena? Huwa ninajibu kwamba jambo hilo linaweza kutokea, lakini katika miaka 11 niliyokaa upande wa kichwa cha mgonjwa, niliowaona wakifia mezani ni wachache sana, na karibu wote waliingizwa wakiwa tayari wamefika ukingoni. Wanaoninyima usingizi mimi ni wale waliotoka salama, wakaitikia majina yao, wakauliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume, kisha asubuhi nikapita wodini na kukuta kitanda kimetandikwa shuka jingine.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba hayo ni ya hospitali yetu tu, mpaka mwaka 2018 matokeo ya utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika yalipochapishwa katika jarida la Lancet. Utafiti huo uliongozwa na Profesa Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na ulifuatilia wagonjwa 11,422 waliofanyiwa upasuaji ndani ya wiki moja iliyochaguliwa kwa kila nchi, katika hospitali 247 za nchi 25. Wagonjwa hao hawakuwa wazee wala watu waliochakazwa na magonjwa, kwa maana wastani wa umri wao ulikuwa chini kidogo ya miaka 39, na theluthi moja walikuwa kina mama waliojifungua kwa upasuaji. Hata hivyo, karibu mmoja kati ya watano alipata madhara baada ya upasuaji, na asilimia 2.1 walifariki. Kwa wale ambao upasuaji wao ulipangwa mapema, bila dharura yoyote, kiwango cha vifo kilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia.

Takwimu iliyonifanya niweke simu chini ni nyingine. Kati ya vifo 239 vilivyohesabiwa, zaidi ya tisa kwa kila kumi vilitokea baada ya siku yenyewe ya upasuaji. Maana yake ni kwamba taa kubwa zilikuwa zimekwisha kuzimwa, damu imefutwa sakafuni, mimi na daktari mpasuaji tumekunywa chai yetu na kwenda zetu nyumbani, na mgonjwa amebaki na kitanda, dripu, na muuguzi mmoja.

Uchambuzi uliofuata mwaka 2019 uliwaangalia kina mama peke yao, na hesabu yake ilikuwa vifo zaidi ya vitano kwa kila upasuaji 1,000 wa kujifungua, kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Sababu zilizojitokeza ni kutoka damu nyingi, kondo la nyuma kukaa au kuachia vibaya, mfuko wa uzazi kupasuka, na matatizo ya nusukaputi yenyewe. Hilo la mwisho sikulifurahia, lakini nililisoma mara mbili, kwa sababu linanihusu mimi moja kwa moja.

Nitaeleza tukio moja ili msomaji asiye wa fani yetu apate kuona jinsi takwimu hizo zinavyotokea. Mwaka juzi mama mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi, katika hospitali ambayo sitaitaja na ambayo si ile ninayofanyia kazi. Nilikwenda kama ndugu wengine, na kanga yangu mabegani na chupa ya uji mkononi. Upasuaji ulimalizika saa nane mchana na kila mtu akatuambia kwamba umekwenda vizuri, na nina hakika kwamba ulikwenda vizuri. Ilipofika saa kumi na moja jioni aliniambia, “Mwanangu, bega hili la kulia linaniuma kama nimebebeshwa ndoo.” Muuguzi, ambaye alikuwa na wagonjwa 38 na msaidizi mmoja aliyekuwa bado mwanafunzi, alisema kwamba mama amelalia vibaya, ajikaze kidogo. Baadaye kidogo mama mdogo akaanza kuomba maji, na kila alipokatazwa aliomba tena, akawa anageuzageuza kichwa kama mtoto anayekataa titi.

Nikamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa saa ya simu, nikapata 128 kwa dakika. Vidole vilikuwa vya baridi, viganja vimelowa jasho, na nilipovuta chini ya jicho, nyama ya ndani ya kope ilikuwa nyeupe. Nikaomba faili. Kwenye karatasi ya vipimo paliandikwa presha 110/70 na mapigo 80 kwa saa tisa, presha 110/70 na mapigo 80 kwa saa kumi, na presha 110/70 na mapigo 80 kwa saa kumi na moja, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, hata ule mlalo wa tarakimu ulikuwa mmoja.

Ganzi ya mgongo ilikuwa haijaisha vizuri, ndiyo maana tumbo lenyewe halikumuuma sana. Damu ikijaa tumboni hupanda na kukigusa kiwambo kinachotusaidia kupumua, na kwa kuwa mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hutokea shingoni, maumivu yake husikika begani. Kwa hiyo bega lilikuwa linasema kweli. Mama mdogo alirudishwa thieta saa moja usiku, akatolewa karibu lita mbili za damu, na binamu zangu wawili wakachangia damu usiku uleule. Leo anakaanga vitumbua vyake kama zamani na haamini kwamba alikuwa karibu kutuacha.

Sikuandika hayo ili nimtupie lawama yule muuguzi. Nikiwa mwanafunzi, katika zamu ya usiku, wodi mbili zilikuwa na mashine moja ya presha, na ilipochukuliwa upande wa pili, nilijaza karatasi kwa kukisia, kama nilivyoona wakubwa zangu wakifanya. Karatasi tupu ingeniletea matatizo asubuhi, lakini karatasi iliyojazwa uongo haikuulizwa na mtu. Utafiti ule wa 2018 ulihesabu pia wataalamu, na ukakuta kwamba madaktari wapasuaji, wa uzazi na wa nusukaputi, wote kwa pamoja, ni 0.7 kwa kila watu 100,000 katika nchi inayoangukia katikati ukizipanga zilizoshiriki kwa hesabu hiyo, ilhali kiwango cha chini kinachopendekezwa ni 20.

Sasa, kama tatizo ni kutoangaliwa baada ya upasuaji, mtu yeyote angesema kwamba dawa yake ni kuwaangalia. Watafiti walewale walifikiri hivyo, na kuanzia mwaka 2019 wakafanya jaribio katika hospitali 332 za nchi 28, likiwa na wagonjwa 28,892. Hospitali ziligawanywa kwa kura: nusu ziliendelea kama kawaida, na nusu zilitakiwa kumpigia kila mgonjwa hesabu fupi ya hatari kabla ya kutoka thieta, kisha wenye hatari kubwa wakapewa mambo matano. Walilazwa kwenye wodi yenye uangalizi zaidi pale ilipokuwepo, walipimwa mara nyingi zaidi, waliwekwa kwenye kitanda kinachoonekana kutoka meza ya wauguzi, ndugu yao aliruhusiwa kukaa nao, na mwongozo wa dalili za hatari uliwekwa kando ya kitanda.

Nilipousoma mpango huo nilimkumbuka mama mdogo na nikajiambia kwamba hapa wamepatia. Matokeo yalitoka mwaka 2021: asilimia 1.3 walifariki upande mmoja, na asilimia 1.3 upande wa pili. Hakuna tofauti.

Wenzangu wengi waliusoma utafiti huo kama ushahidi kwamba uangalizi hausaidii, na mmoja aliniambia hivyo akiwa amefurahi kidogo, maana ulimpa sababu ya kuendelea kama alivyo. Mimi siusomi hivyo. Kumweka mgonjwa mbele ya meza ya wauguzi kunamfaa tu kama kuna muuguzi aliyekaa kwenye meza hiyo, na kumpima mara nne badala ya mara mbili kunafaa ikiwa anayepima ana mtu wa kumwita, na huyo anayeitwa ana damu kwenye jokofu na thieta iliyo wazi. Mama mdogo alipona kwa sababu mnyororo wote ulikuwepo siku ile: aliyegundua, aliyeitikia, waliochangia damu, na timu iliyokuwa haijaondoka. Ukikaza pete moja tu ya mnyororo na kuziacha nyingine zimelegea, hutaona badiliko lolote kwenye hesabu ya vifo. Naona jaribio lile lilipima kama hospitali zetu zinaweza kubanwa zaidi bila kuongezewa watu, na jibu likawa kwamba zimekwisha kubanwa kiasi cha kutosha. Hilo ni jibu lenye thamani kubwa, ingawa halipendezi kulibandika ukutani.

Kuna jambo la nne katika yale matano ambalo lilinichekesha kidogo: kumruhusu ndugu akae. Kwetu ndugu yupo siku zote. Analala kwenye mkeka chini ya kitanda, anajificha mlinzi anapopita, na ndiye anayejua kwamba mgonjwa hajakojoa tangu mchana. Tunamfukuza saa za kuona wagonjwa zinapokwisha, kisha tunalalamika kwamba hatuna macho ya kutosha.

Msomaji asidhani kwamba kila kitu rahisi hushindwa. Hospitali ya Ifakara, hapa Tanzania, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizofanyia majaribio orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na hospitali za miji kama London, Seattle, Toronto na Manila. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa kusimama tu mara tatu na kuulizana kwa sauti: mgonjwa ni nani, tunapasua wapi, dawa ya kuzuia vijidudu imechomwa, vitambaa vimetimia idadi. Ninajivunia kwamba Ifakara imo kwenye orodha hiyo. Inanikera kwamba katika thieta nyingi orodha yenyewe hujazwa mgonjwa akiwa ameshatoka, kwa kalamu ileile, kama karatasi ya mama mdogo.

Habari niliyoipenda kuliko zote katika miaka ya karibuni inahusu glovu. Kidonda kuoza baada ya upasuaji wa tumbo ni jambo la kila wiki. Katika utafiti ule wa kwanza, uambukizo ndio ulioongoza miongoni mwa madhara yote. Kundi la watafiti linalofanya kazi Benin, Ghana, India, Meksiko, Nigeria, Rwanda na Afrika Kusini lilianza kwa kujaribu vitu vya bei. Walilinganisha dawa ya klorheksidini yenye spiriti na ayodini ya kawaida katika kusafisha ngozi, na nyuzi zilizopakwa dawa ya triklosani na nyuzi za siku zote. Wagonjwa walikuwa 5,788, matokeo yakatoka mwaka 2021, na hapakuwa na tofauti ya maana. Zaidi ya mmoja kwa kila watano alipata uambukizo wa kidonda, apakwe hiki au kile. Kwa hospitali iliyokuwa inahangaika kutafuta fedha za kununua nyuzi ghali, hiyo ni nafuu kubwa, kwa kuwa sasa inaweza kuendelea na ayodini yake bila kujiona imepungukiwa.

Kisha wakauliza swali ambalo fundi seremala angeliuliza. Daktari akishakata utumbo, akaushika, akausafisha na kuuunga, anafunga tumbo kwa mikono gani? Kwa ileile. Glovu zilizogusa kinyesi na usaha ndizo zinazopitisha uzi kwenye ngozi safi, na vyombo ni vilevile vilivyolala kwenye trei tangu mwanzo. Wakagawanya hospitali 81 kwa kura, wakafuatilia wagonjwa 13,301, na katika nusu ya hospitali hizo timu nzima iliyovaa ilibadilisha glovu na kuchukua vyombo safi kabla ya kufunga ukuta wa tumbo. Uambukizo ulishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022.

Tofauti inaonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa watu: takriban wagonjwa watatu katika kila mia hawakulazimika kurudi kila asubuhi kubadilishwa bandeji, hawakutumia akiba ya mahindi kununua dawa, hawakunuka mbele ya wakwe zao. Kwetu tulianza mwaka jana. Muuguzi wa vyombo hufungasha kifurushi kidogo kwa kitambaa cha kijani, ndani yake kishika-sindano, mkasi na vibano viwili, na kukifunga kwa ule utepe ambao mistari yake hugeuka kuwa myeusi ikishapita kwenye mashine ya mvuke. Daktari anaposema “tunafunga,” kazi husimama, glovu zinavuliwa zikiwa na utelezi wake, trei ya zamani inasukumwa kando, na kifurushi kinafunguliwa. Inachukua chini ya dakika mbili. Mgogoro mkubwa tulioupata ulikuwa na mtunza ghala, aliyetaka kujua ni mikono mingapi hiyo inayohitaji glovu nyingi kiasi hiki, na ilibidi nimchapie ukurasa wa matokeo na kumtafsiria mstari kwa mstari. Sasa huzitoa, ingawa huzihesabu kwa sauti.

Nimeacha maumivu mwisho kwa sababu ndiyo yanayonipa hasira. Tuna desturi ya kumsifu mgonjwa anayenyamaza. Mama aliyepasuliwa jana huambiwa avumilie kwa kuwa si yeye wa kwanza, na mwanamume anayelia huonwa kama amejivunjia heshima. Lakini mtu aliyekatwa juu ya kitovu akiogopa kukohoa kwa maumivu, makohozi hukaa kifuani na homa ya mapafu humfuata, na asiyeinuka kitandani miguu yake huganda damu. Zaidi ya hayo, kumwambia mgonjwa ajikaze ni kuifunga kengele ambayo mwili wake unaipiga, kama lile bega la mama mdogo.

Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 iliandika kwamba kati ya tani 298.5 za dawa kali za maumivu za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Kilo mia moja, uzito wa gunia moja la mahindi. Ubaya ni kwamba njia ya kutoka huku tunaijua, na haiko mbali. Uganda imekuwa ikitumia morfini ya maji tangu Dakta Anne Merriman alipoanzisha Kampala mwaka 1993 hospisi yake, yaani huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona: unga wa morfini unachanganywa na maji, unatiwa rangi tofauti kulingana na nguvu yake, na unatolewa kwenye chupa ambayo familia inaweza kuishika. Tangu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Ilianza kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, na sioni kwa nini mtu aliyepasuliwa tumbo katika nchi jirani alale usiku mzima na parasetamoli mbili.

Hofu ninayoisikia wodini ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mgonjwa atakuwa teja, jambo ambalo kwa dozi za siku mbili tatu baada ya upasuaji, chini ya usimamizi, halinitishi. Ya pili ni kwamba morfini itamzuia kupumua, na hii ninaiheshimu, maana ni kweli inaweza. Ndipo tunaporudi palepale: morfini inahitaji mtu wa kuhesabu pumzi. Wodi isiyoweza kumwangalia mgonjwa haiwezi pia kumtuliza maumivu, hivyo uhaba uleule wa watu unamnyima vyote viwili.

Mwezi Januari mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha suzetrijini, kidonge cha aina mpya kinachozuia ishara za maumivu kwenye mishipa ya fahamu kabla hazijafika kwenye ubongo, na ambacho hakimo katika jamii ya morfini. Kisayansi ni jambo la kufurahisha sana. Katika majaribio ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya tumbo na wa mfupa wa dole gumba la mguu, kilishinda kidonge kisicho na dawa, lakini hakikuishinda dawa ya kawaida ya jamii ya morfini iliyochanganywa na parasetamoli. Kilipoingia sokoni, kidonge kimoja kiliuzwa dola 15.50. Nilimsomea habari hiyo muuguzi wa zamu nikiwa wodini, naye akaniuliza kama kinakuja na mtu wa kukigawa.

Kwa upande wangu nimebadili jambo moja. Kabla ya kuondoka jioni ninapita kwa kila niliyemlaza, na kipima-oksijeni cha kidole kikiwa mfukoni, kisha ninamketisha ndugu yake na kumfundisha kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Ninamwambia anipigie mapigo yakizidi 110, mgonjwa akiomba maji bila kikomo, au akisema kwamba kuna mahali panauma ambapo hapakupasuliwa. Namba yangu ninaiandika nyuma ya kadi. Juma lililopita simu iliita saa tisa kasorobo usiku. Dada wa mgonjwa wa kitanda cha 14 alisema kwamba mdogo wake anaomba maji kila anapofumbua macho. Nilikwenda kwa bodaboda. Mapigo 84, presha nzuri, tumbo laini, kope za ndani nyekundu. Ilikuwa kiu tu ya mtu aliyefunga tangu jana yake. Nikamruhusu anywe kidogo kidogo, nikaandika vipimo kwenye karatasi kwa saa ileile niliyovipima, na yule dada akaniomba msamaha kwa kuniamsha.